Kabla hujanunua ekzosi, nunua matairi

UKIPITA kituo cha mafuta kando ya Thika Road Ijumaa usiku, utawasikia kabla hujawaona. Subaru tano au sita, boneti juu, ekzosi zinalipuka kama fataki, na vijana wamezizunguka wakibishana turbo ya nani ndiyo kubwa.

Sitakuhubiria uuze lako ununue Vitz. Magari hayo ni matamu, na anayekuambia vingine hajawahi kukaa ndani ya WRX ikianza kuvuta. Lakini kuna swali moja ambalo husikii likiulizwa katika vikao hivyo: matairi yako yalitengenezwa lini?

Msimamo wangu ni huu. Kama una gari kuukuu la mwendo kasi, pesa ya kwanza unayotenga kuliboresha iende kwa matairi. Manne, mapya, ya aina moja na saizi inayofaa. Ekzosi, turbo na rimu za kung'aa zingoje foleni.

Mapenzi yetu kwa Subaru hayakuanza jana. Wazazi wetu walimshangilia Patrick Njiru kwenye Safari Rally, na mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo akiwa na Impreza. Magari yaliyorithi sifa hizo ndiyo tunayoyaendesha leo: Impreza WRX, Forester ya turbo, Legacy GT. Mengi sasa yamepita miaka 20. Na kwa sababu hairuhusiwi kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, WRX ya mwaka wa 2001 ukiipiga mtaroni leo hutaagiza nyingine kutoka Japani. Zilizoko ndizo hizo hizo.

Sasa inama uangalie kinachoshikilia gari hilo barabarani. Si injini, wala si jina lililobandikwa nyuma. Ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja chako. Kila unachofanya ukiwa nyuma ya usukani, kuongeza mwendo, kukata kona, kufunga breki, kinapitia hapo.

Najua utakachosema: "Subaru inavuta kwa magurudumu yote manne, haiwezi kuteleza." Buda, hapo ndipo wengi hupotea. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka na kutoka kwenye kona. Hakukusaidii kusimama. Gari lolote, hata Probox, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Ukiwa na matairi yaliyokufa, mfumo huo unakusaidia tu kufikia haraka mwendo ambao huwezi kuusimamisha.

Hesabu yake ni rahisi. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki na matairi yanafaa kuimeza huongezeka mara nne. Yaani umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki ukiwa kilomita 100 kwa saa ni kama mara nne ya ule wa kilomita 50. Hiyo ni kwa lami kavu na matairi mazima. Weka mvua ya kwanza ya msimu, wakati vumbi na oili ya miezi mingi inapanda juu ya lami, halafu weka tairi kipara. Unajua mwisho wake, na kwa kawaida huwa hauko peke yako ndani ya gari.

Tuongee kuhusu yale matairi ya "ex-Japan". Kule Kirinyaga Road utaonyeshwa tairi la mtumba lenye jina kubwa, meno yamejaa, bei nusu ya jipya. Unajiambia afadhali jina kubwa lililotumika kuliko jina dogo jipya. Mimi nakataa, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni umri. Mpira huzeeka hata kama haujatembea. Jua, joto na hewa huukausha hadi unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Meno marefu hayakuambii lolote kuhusu hilo. Kinachokuambia ni tarehe, na tarehe imeandikwa ubavuni mwa tairi. Tafuta herufi DOT, kisha ufuate mstari huo hadi kwenye tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, ule wa ndani, kwa hivyo usione haya kuingia chini ya gari.

Kampuni kadhaa kubwa za matairi hushauri tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zuri. Hata spea inahesabiwa. Kwa gari la kasi, kwenye joto na mashimo yetu, mimi singengoja hiyo 10.

Sababu ya pili wengi hawaijui kabisa. Japani kuna theluji, na kila mwaka Wajapani wengi hufunga matairi ya majira ya baridi. Magari mengine huletwa Mombasa yakiwa bado nayo, na mengine huuzwa mtumba. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima wenye chembe ya theluji, na kwa vipasuo vingi vyembamba kwenye meno. Mpira wake ni laini kwa sababu umeundwa kwa barabara ya barafu. Kwenye lami ya Mombasa saa saba mchana, mpira huo unalegea, unacheza ukikata kona, unaisha mbio na unachelewa kusimama. Ni tairi zuri sana, lakini kwa Sapporo. Muuzaji akikuambia "hili ni laini, linashika vizuri," mwambie asante, endelea na safari.

Tuje kwa saizi, kwa maana hapa ndipo urembo unapogombana na akili. Impreza WRX nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitoka kiwandani na matairi ya 205/50R16 87V. Tusome polepole. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 50 ni kimo cha ubavu, asilimia 50 ya huo upana. 16 ni rimu kwa inchi. 87 ni uzito ambao tairi moja linabeba, kilo 545. V ni mwendo wa juu ambao tairi limepimwa kuuhimili, kilomita 240 kwa saa.

"Lakini mimi siendi 240." Vizuri, na usiende. Ila herufi hiyo inakuambia pia jinsi tairi linavyovumilia joto. H ni 210, T ni 190. Ukichukua gari lililoundwa kwa V ukaliwekea T kwa sababu ni rahisi, umeanza kukata kona kwenye usalama kabla hujatoka gereji. Hiyo namba ya uzito nayo usiishushe, hasa ukiwa mtu wa kubeba mbogi nzima hadi Naivasha wakati wa Safari Rally.

Ukitaka rimu kubwa, sawa, lakini kipenyo chote cha gurudumu kisibadilike sana. Lile 205/50R16 lina kipenyo cha milimita 611 hivi. 215/45R17 lina 625, tofauti ya asilimia 2 tu, na hilo linavumilika. Wewe mwenye rimu za inchi 18 zenye ubavu mwembamba kama chapati ya jana, jiulize unaishi wapi. Ubavu ndio unaomeza mshtuko wa shimo. Ukiwa mwembamba kupindukia, shimo linaenda moja kwa moja kwa rimu na kwa shoki. Na mtindo wa kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana ili gari lionekane limeinama unapendeza kwenye picha tu. Barabarani, tairi hilo linaweza kuachana na rimu ukigonga shimo kwa nguvu.

Saizi ambayo gari lako lilizaliwa nayo, na presha yake, huwa kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva. Anzia hapo, si kwenye picha za TikTok.

Sasa kwa nini nasisitiza manne na ya aina moja? Kwa sababu ya difu. Subaru ina difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi moja likiwa limeisha kuliko mengine, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na difu hiyo inashinda ikifanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Inapata joto, inachoka, kisha unaanza kusikia gari likivutana ukipiga kona ya kuegesha.

Subaru huko Marekani huwaambia wateja kwamba mzunguko wa matairi manne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kitu. Tofauti ya milimita moja tu kwenye kina cha meno tayari inaleta milimita 6 za mzunguko. Fikiria basi mtu mwenye matairi mawili mapya mbele na mawili ya mwaka juzi nyuma, kila moja na jina lake. Alidhani ameokoa pesa. Fundi wa giaboksi anamsubiri.

Kwa wenzetu wa Altezza na Mark X zinazovuta kwa nyuma, mnaweza kubadilisha mawili mawili. Lakini yale bora yawekwe nyuma. Mbele ikiteleza kwenye mvua, gari linakataa kukata kona na kwa kawaida ukipunguza mwendo linarudi. Nyuma ikiteleza, unageuka kutazama ulikotoka.

Kuhusu jina la kampuni, sitakuchagulia. Soma badala yake. Matairi mengi yana neno TREADWEAR likifuatwa na nambari. Ya 200 huwa laini, yanashika sana lakini yanaisha upesi, na yale ya mashindano yenye michirizi michache hayapendi maji hata kidogo. Ya 500 na kwenda juu huwa magumu, yanadumu. Nambari hiyo hutolewa na kampuni yenyewe, kwa hivyo usilinganishe kampuni mbili kama mizani ya dukani. Karibu nayo kuna TRACTION: AA ndiyo ya juu, halafu A, B na C, na inapima jinsi tairi linavyoshika sehemu iliyolowa likifunga breki. Kwa gari la kwenda kazini Jumatatu na kujivinjari Jumapili, tafuta la katikati kwenye kudumu na usikubali chini ya A kwenye TRACTION.

"Na pesa?" Swali halali. Wengi wetu gari lenyewe tulilinunua kwa mkopo wa sacco, na petroli peke yake inatutoa jasho. Ila angalia ulichotumia mwaka huu. Ekzosi, taa za rangi, stika, rimu, kupimwa nguvu za injini ili upate nambari ya kuwaambia wasee. Weka hizo risiti mezani ujumlishe. Mara nyingi matairi manne mapya yamo humo.

Isitoshe, matairi ya rimu ya 16 kwa kawaida ni nafuu kuliko ya 18. Uza zile rimu kubwa, rudi kwa saizi ya kiwandani, na chenji inaweza kukuanzishia matairi. Na kati ya tairi jipya la kampuni ya kawaida lenye alama zote sahihi, na la jina kubwa lililotengenezwa ukiwa shule ya msingi, chukua jipya. Likishafungwa, lipigwe balansi, magurudumu yapimwe alaimenti, na presha ipimwe matairi yakiwa baridi, kabla hujazunguka mji. Hewa katika vituo vingi vya mafuta ni ya bure, kwa hivyo hapo huna kisingizio.

Kuna mwingine anasema haya yote ni uoga, kwamba dereva mzuri anajua gari lake. Madereva wa Safari Rally ndio wanaolijua gari kuliko sote, na ndio wanaotumia muda mwingi kubishana kuhusu matairi kabla ya kuondoka. Hawafanyi hivyo kwa kuwa ni waoga. Wanajua kwamba ujuzi wote wa mikono na miguu unaishia pale mpira unapoachia.

Kwa hivyo Ijumaa hii, kabla hujafungua boneti, washa tochi ya simu uzunguke gari. Soma tarehe nne. Angalia kama matairi yote ni ya jina moja na saizi moja. Ndani ya mifereji kati ya meno utaona vituta vidogo. Meno yakishuka yakawa sawa navyo, imebaki milimita 1.6 na tairi hilo kazi yake imeisha. Pitisha mkono ubavuni utafute nyufa na uvimbe. Haitakumaliza dakika kumi.

Halafu fanya vivyo hivyo kwa gari la rafiki yako, yule anayekubeba kwenda Nakuru usiku. Akicheka, mwache acheke, lakini usipande hadi umesoma.