Chupa Ikisema Usisugue, Wewe Sugua

Haya wasomaji, leo tuweke seva na programu kando kidogo. Wengi wetu tunaokodolea skrini macho kutwa nzima tunavaa miwani, na baadhi tumehamia lenzi za kuvaa machoni. Sasa nina neno na watengenezaji wa dawa za kusafishia lenzi hizo.

Maoni yangu ni haya: yale maneno "hakuna haja ya kusugua" kwenye chupa yamewadanganya watu. Ni urahisi ambao bili yake inaletwa kwa mtumiaji, tena inalipwa kwa jicho.

Mwaka 2005 na 2006 watu waliovaa lenzi waliugua macho huko Singapore, Hong Kong na Marekani. Kisababishi kilikuwa kuvu aina ya Fusarium. Marekani peke yake ilithibitisha wagonjwa 164, na 55 kati yao walifanyiwa au walipangiwa kupandikizwa konea. Wengi walikuwa wametumia dawa iitwayo ReNu with MoistureLoc, na mwezi wa Mei 2006 Bausch & Lomb iliiondoa sokoni duniani kote. Mwaka uliofuata, 2007, dawa nyingine, Complete MoisturePlus, ikarudishwa kiwandani. Safari hii alikuwa amiba aitwaye Acanthamoeba.

Sisi wa kompyuta tunajua jambo hili. Ukitegemea kinga moja tu, siku itakapolegea umekwisha. Dawa ni kinga moja. Kusugua ni ya pili, kwa sababu vidole ndivyo vinavyobandua mafuta, protini za machozi na vijidudu vilivyojishikiza kwenye lenzi. FDA, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, nayo inashauri kusugua na kusuuza hata kama chupa inasema si lazima.

Kuna na hii tabia ya kuongezea dawa mpya juu ya ile ya jana. Hiyo ni kubandika kiraka juu ya kiraka. Dawa ya jana imeshachoka, na ukiichanganya na mpya unaipunguzia mpya nguvu.

Halafu maji. Hapa kwetu maji hukaa kwenye tangi na mitungi, lakini hata yangetoka kwenye mfereji yaking'aa, yasiguse lenzi. Acanthamoeba huishi majini, na akibanwa hujifunga ndani ya gamba gumu ambalo dawa hupata shida kulipenya. Maji yanayofaa kunywa si lazima yafae jicho. Mate ndiyo usiseme! Na yale maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui vijidudu.

Kwa hivyo utaratibu ni huu: nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Sugua kila lenzi kwa dawa, isuuze kwa dawa, kisha itie kwenye dawa mpya. Asubuhi mwaga dawa yote, suuza kikebe kwa dawa, kipanguse, ukiache wazi kikiwa kimefudikizwa kikauke. Badilisha kikebe angalau kila miezi 3. Vua lenzi kabla ya kulala, kuoga au kuogelea. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, vua lenzi na umwone daktari wa macho siku hiyo hiyo. Nenda na lenzi na kikebe, vinaweza kupimwa.

Najua mtaniambia dawa ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini kama mfuko hauruhusu kumwaga dawa kila siku, basi rudi kwenye miwani bila aibu yoyote. Kompyuta ikiharibika tunaweka mfumo upya na kazi inaendelea. Konea ikishapata kovu, hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Nyinyi mnaonaje?