Wote Wampenda, Nani Amwita?

Mpwa wangu ana miaka 19 na alizaliwa na sindromu ya Down. Juzi alinipa simu yake nimwekee vocha. Nikaona majina saba: mama, baba, bibi, shangazi wawili, mimi mjomba wake, na daktari. Hakuna hata mmoja wa rika lake. Mtaani wote humsalimia, wengine humpa pipi. Nikiuliza mbona hawamwiti mpirani, majibu ni haya manne.

“Yule mgonjwa, wa hospitali yule.” Huu si ugonjwa, hauambukizi, wala si laana. Ni kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, kama Jérôme Lejeune na wenzake walivyoonyesha Ufaransa mwaka 1959. Ndiyo maana siku ya kimataifa ya watu wenye sindromu hii ni tarehe 21 ya mwezi wa 3. Kweli, karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi huhitaji uangalizi wa daktari. Mpwa wangu huenda kliniki mara mbili kwa mwaka. Siku 363 zilizobaki, aende wapi?

“Ni mtoto tu, hakui.” Kimo kifupi na ulimi mzito huwadanganya watu. Kijana huyu ananyoa ndevu, anapenda, anaona wivu. Pablo Pineda wa Hispania alihitimu chuo kikuu. Chris Nikic wa Marekani, akiwa na miaka 21, alimaliza shindano la Ironman mwaka 2020: aliogelea kilomita 3.9, akaendesha baiskeli kilomita 180, kisha akakimbia 42. Hao ni vinara. Hatuwapimi wote kwao, kama tusivyompima kila Mkenya kwa mkimbiaji Kipchoge. Lakini kumpa pipi mwanamume wa miaka 19 ni dharau, hata ukitabasamu.

“Si ana wenzake?” Anao, na anawahitaji. Ila hata Special Olympics, iliyoanzia Chicago mwaka 1968 kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili, baadaye ilianzisha timu mseto, ambamo wao na wasio na ulemavu huo huvaa jezi moja. Mkipasiana mpira mnajuana. Mkipungiana mikono kwa mbali, mnabaki majirani.

“Watamwonea, bora akae ndani.” Hili halisemwi na mtaa. Analisema dada yangu, mama yake, na simbezi. Wapo waliowahi kumtuma upuuzi ili wamcheke. Lakini anayefungiwa ndani atajifunzia wapi kumtofautisha rafiki na mdhihaki? Na siku akidhihakiwa, nani atasema “mwacheni” kama hana rafiki pale?

Jumamosi, fundi baiskeli wa kijiweni alimwita kwenye drafti. Akamfunga mara tatu mfululizo, bila kumwachia kete hata moja. Mpwa wangu akanuna, akaondoka bila kuaga. Dada akanitazama kana kwamba kosa ni langu.

Jumapili jioni simu ya mpwa wangu ikalia, namba ngeni. Nilisikia sauti ya fundi: “Wewe, leo huji? Umeogopa?”

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimchokoza hivyo. Mpwa wangu alikwisha kuvaa viatu kabla hajakata simu.