Dishi la intaneti Ntimaru: hesabu ianze na sola na miti

Novemba 2024, Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti, iliacha kupokea wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Nafasi ilikuwa imejaa. Huduma iliyoingia Kenya Julai 2023 ikisifiwa kuwa mkombozi wa watu walio mbali na nyaya za fibre ilikuwa imemezwa na jiji na majirani zake. Kaunti ya Migori, ilipo Ntimaru, haikuwamo katika orodha hiyo. Kwa familia ya Ntimaru hilo lilikuwa jambo la heri, maana satelaiti hugawa uwezo wake kwa maeneo, na penye wateja wachache kila mmoja hupata intaneti yenye kasi zaidi.

Hata hivyo, nafasi angani pekee haitoshi kumfanya mtu auze ng'ombe anunue dishi.

Ntimaru iko Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania, katika nchi ya vilima na mabonde. Nyumba moja inaweza kupata mtandao mzuri wa simu huku ya jirani, chini kidogo ya mteremko, ikikosa kabisa. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la bei rahisi: kuazima laini za kampuni tofauti na kuzijaribu uani saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Ikiwa simu ya video inashika bila kukwama, ruta ya kutumia laini itatosha, na fedha za dishi zitafanya kazi nyingine. Dishi ni la wale ambao mnara umewatupa, na wako wengi.

Kwa hao, satelaiti za leo si zile za zamani. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Neno huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na mwanafunzi anayefuata somo moja kwa moja husikia jibu likichelewa. Za Starlink huzunguka kwa urefu wa kilomita 550 hivi. Ucheleweshaji wake karibu hausikiki.

Bei imeshuka pia. Mwaka 2024 dishi la kawaida liliuzwa shilingi 45,500 na lile dogo liitwalo Mini shilingi 27,000. Agosti mwaka huo ukaja mpango wa kukodi: shilingi 1,950 kwa mwezi baada ya kulipa 2,700 za kuanzia, kisha mteja achague kifurushi cha mwezi cha GB 50 kwa 1,300 au kisicho na kikomo kwa 6,500. Bei hizi hubadilika mara kwa mara, basi mnunuzi aulize upya kabla ya kutoa pesa.

Ila matangazo ya bei hayataji stima. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100. Likiwaka usiku na mchana humaliza takriban uniti mbili kwa siku, gharama ambayo familia isiyojiandaa itaigundua kwenye tokeni. Kwa nyumba isiyo na stima kabisa, ile mitambo midogo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kila siku, ya taa, redio na kuchaji simu, haiwezi kubeba mzigo huo. Hapa ndipo Mini inapofaa: hula wati 25 hadi 40, tena hupokea umeme wa betri wa volti 12 bila inveta. Ikiwashwa saa tano za jioni hutumia wati-saa 200 kwa kiwango cha juu kabisa. Paneli ya wati 100 na betri nzuri ya Ah 100 huweza kazi hiyo hata baada ya siku ya mawingu. Anayenunua dishi bila kununua betri amenunua nusu ya kitu.

Kisha miti. Dishi la televisheni hutazama sehemu moja tu ya anga, nayo haisogei. Dishi la Starlink huzifuata satelaiti zinazopita, kwa hiyo linahitaji anga pana iliyo wazi. Kuria ni nchi ya tumbaku, na wakulima wengi wamepanda mikaratusi kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Mstari wa miti hiyo nyuma ya nyumba huweza kukata mtandao kila baada ya dakika chache. Programu ya simu ya Starlink huonyesha vizuizi kwa kamera ya simu kabla ya ununuzi. Aliyeruka hatua hiyo atalazimika kusimamisha mlingoti au kushika shoka. Na mlingoti wowote uunganishwe na waya wa kuingia ardhini, kwa sababu bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

Hoja kubwa ya makala haya ni kwamba dishi la mtu mmoja ni ghali, la boma si ghali. Kwa bei hizo za 2024, boma lenye nyumba tano likichanga 6,500 za kifurushi kisicho na kikomo, kila nyumba hutoa 1,300, na kuta za mabati zinazozuia Wi-Fi hushindwa kwa kuongeza ruta ya pili. Ila boma haliruhusiwi kuuzia kijiji: masharti ya kifurushi cha nyumbani hayakubali biashara hiyo. Shule, kanisa au chama kinachotaka kusambaza lazima kiwe na mkataba unaoruhusu, pamoja na leseni. Leseni yenyewe ipo. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mfumo maalumu wa mitandao ya jamii, na TunapandaNET ya Kibera imeonyesha kwamba wakazi wanaweza kuujenga na kuuendesha mtandao wao.

Lakini Kibera iko Nairobi, mjini. Kuria Mashariki inahitaji maofisa wa Mamlaka hiyo waje Kegonga na Ntimaru kuueleza mfumo huo kwa Kiswahili na Kikuria, mbele ya walimu na viongozi wa vyama. Inahitaji pia sehemu yake ya Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni za mawasiliano huichangia kutoka mapato yao kwa ajili ya maeneo yaliyosahaulika. Fedha hizo zikitumika kulipia sola, betri na dishi la shule moja iliyo kileleni, na antena za kuteremsha mtandao hadi mabomani, Serikali ya Kaunti ya Migori itapata mfano wa kuiga katika kata nyingine.