Pleti za nyuma zinavyoharibu usukani

MSIMU wa mavuno, Fuso zinazofuata maharage na mahindi Kumsenga, wilayani Kibondo, huonekana zimeinuka nyuma. Wenye magari huongeza pleti za springi ili wabebe magunia zaidi. Kwa mfuko ni hesabu nzuri, lakini usukani ndio unaolipa.

Fremu ikiinuka nyuma, pua ya gari huinama pamoja na ekseli ya mbele. Kingipini, ambazo kiwandani huwekwa zikilalia nyuma kidogo, husimama wima. Mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Ukipungua, gari huyumba, hasa likirudi tupu. Likiwa na mzigo springi hukaa chini na ugonjwa hujificha.

Hapo stelingi boksi hubebeshwa lawama. Fundi huikaza mpaka usukani unakuwa mzito, au huuchomoa na kuupachika upya ili uonekane umenyooka (dereva hufurahi, tairi haziambiwi). Kibaya zaidi ni kuchoma moto fimbo za usukani ili zipindike, au kuziunga kwa kuchomelea. Chuma kile kilipewa ugumu wake kiwandani, na moto huuondoa. Fimbo ikikatika mteremkoni, dereva hana tena gari mkononi, na juu ya magunia mara nyingi wamekaa watu.

Kazi sahihi huanza na jeki. Gurudumu litikiswe, kisha kingipini na tairodi endi zilizolika zibadilishwe, kwani kupima alaimenti kwenye vyuma vilivyolegea ni kutupa fedha. Halafu tairi zijazwe upepo sawa, zitiwe chaki katikati, na futi ipime nafasi kati yake, mbele na nyuma, kwa kimo cha ekseli. Tofauti ifuate kitabu cha gari. Kwa kawaida ni milimita chache. Mlalo uliopotea hurudishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli ya mbele, upande mnene ukielekea nyuma.

Tairi iliyolika upande mmoja huishia kwenye nauli ya gunia, kwa hiyo anayekodi gari ana haki ya kukagua. Apitishe kiganja juu ya tairi za mbele, kisha ainame atazame fimbo. Akiona alama ya kuchomelea, magunia yabaki stoo mpaka lipatikane gari jingine.