UVIMBE WA TAYA SI JINO (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo sina upole.

Wengi mmeniuliza inboksi: mtu kapandikizwa figo, kapata nafuu, saratani ya tezi inatoka wapi tena? Wengine washahukumu, eti figo ilikuja na mkosi. Hapana jamani. Muhimbili wanapandikiza figo tangu Novemba 2017, na mgonjwa anarudi nyumbani na dawa za kushusha kinga, maana bila hizo mwili unaikataa figo ya mwenzake. Kinga ikishuka, kirusi cha Epstein-Barr kinaamka. Karibu sote tunacho, tulikipata kwa mate. Kwa wachache kinazifanya chembe nyeupe za damu zizaliane hovyo. Ndo saratani yenyewe. Lakini asiache dawa kwa kusikia hivi! Dozi inapunguzwa na daktari wake, si na jirani.

Sasa kinachoniudhi. Mnashangaa ya figo, na kirusi hichohicho kimo kwenye mataya ya watoto wetu. Kiligunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa watoto wa Uganda, ule aliouandika daktari Denis Burkitt wa Mulago mwaka 1958. Mtoto hamezi dawa za kushusha kinga. Kwake kinga inachoshwa na malaria ya mara kwa mara. Na sisi wa bonde la Luiche malaria tunaijua.

Mtoto ana miaka mitano, sita, shavu linavimba, meno yanalegea, jicho linatokeza. Mnafanya nini? Mnang'oa jino. Halafu mnachanja. Halafu majani, mwezi unaisha. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache! Na wapo wahudumu wanaotoa antibayotiki mara ya tatu bila hata kumpapasa mtoto tumbo. Nao nawasema.

Msiniambie saratani haiponi. Hii inasikia dawa haraka kuliko nyingi. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukinywea kwa dozi chache. Watoto wengi wanaowahi wanapona. Ukiona shavu hilo, usingoje: nenda Maweni, uliza kipimo cha kinyama, ulizia rufaa ya Bugando. Nauli ya Mwanza inauma, najua, hasa miezi ziwa likifungwa. Mwone afisa ustawi wa jamii palepale hospitali kabla hujauza hata kitenge.

Kesho: vyandarua mnavyovulia dagaa.