Fedha Zao Twazipokea, Kura Zao Twazikataa



Wako raia wa Kenya ambao dola huwakumbuka siku ya kupokea fedha na kuwasahau siku ya kupiga kura. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 za Kimarekani. Fedha hizo zimelipa karo, zimenunua dawa, zimeezeka nyumba za wazazi na, tuseme ukweli, zimesaidia kujenga mengi ya makanisa tunamosali. Lakini katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, daftari lenye wapiga kura 22,120,458 lilikuwa na majina 10,444 tu ya raia walioko nje. Katika kila wapiga kura 2,000, hakutimia hata mmoja kutoka ng'ambo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwetu hata mkono uliojaa hulambwa, kisha mwenyewe akafungiwa mlango.

Hatuombi hisani. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura, bila vizuizi visivyo na msingi. Kifungu cha 83 kinaagiza kwamba taratibu za uandikishaji na za uchaguzi ziwe za kumwezesha raia, si za kumnyima. Kifungu cha 82 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha walioko nje na kuitimiza haki yao hatua kwa hatua.

Ndani ya maneno hayo, hatua kwa hatua, ndimo walimojificha wenye mamlaka. Mahakama zimekubali kwamba haki hii haiwezi kutimizwa kwa siku moja. Nasi twakubali. Lakini hatua ni mwendo, si kisingizio cha kusimama. Mwaka 2013 waliandikishwa watu 2,637 katika nchi nne jirani: Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, idadi ikawa 4,393. Mwaka 2022 nchi zikawa 12, na waliopewa nafasi hiyo wakaruhusiwa kumchagua rais peke yake. Kwa miaka tisa daftari la ng'ambo halikuongezeka hata kwa watu 8,000. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini anayetia punje moja kila baada ya miaka mitano hana nia ya kukijaza.

Asitokee mtu akatuambia kwamba kura hizo ni chache mno kuwa na uzito. Mwaka 2013 mshindi wa urais alitangazwa kwa asilimia 50.07, aliivuka nusu kwa kura zipatazo 8,400. Hatusemi nani angeshinda kama walioko nje wangalipiga kura, wala hiyo si hoja yetu. Twasema kwamba katika nchi ambamo kura elfu chache huamua kama taifa litarudi kituoni au la, kuwafungia nje mamia ya maelfu ni kuamua kabla ya kuhesabu.

Sasa tutazame ni nani hasa aliyeachwa. Mwaka 2022 raia aliyeko London aliwekewa kituo. Aliyeko Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, ilimpasa asafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Na binti wa kijijini kwetu anayefanya kazi za nyumbani Saudi Arabia hakuwekewa chochote, ingawa ubalozi wetu uko Riyadh. Hata kama kituo kingalifunguliwa, angalijiandikisha kwa hati gani? Pasipoti yake mara nyingi imo kabatini mwa mwajiri, na ruhusa ya kutoka nje haiko mikononi mwake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Binti huyu anaihitaji kura kuliko sisi sote. Serikali yetu ndiyo inayotia saini mikataba ya kazi na serikali za Ghuba. Serikali yetu ndiyo inayowapa leseni mawakala wanaomsafirisha. Anapopigwa, anaponyimwa mshahara, anaporudi ndani ya jeneza kama walivyorudi wenzake, ni serikali yetu inayopaswa kujibu. Lakini mwanasiasa humjibu mwenye kura. Asiye na kura husomewa rambirambi tu.

Wapo wanaotuambia kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeko mbali asituchagulie viongozi. Twawauliza: kitanda hicho kimenunuliwa na nani, na wanaolala juu yake ni mama na watoto wa nani? Wengine wanasema gharama ni kubwa mno. Mbona gharama haikutajwa Serikali ilipounda idara nzima ya masuala ya diaspora mwaka 2022? Wengine wanahofia wizi wa kura mbali na macho ya mawakala wa vyama. Hofu hiyo twaiheshimu, kwa kuwa wizi tunaujua. Lakini dawa ya wizi ni waangalizi. Kumnyima mwenye mali mali yake si dawa. Makanisa yetu yana waumini katika miji mingi ya dunia. Waangalizi hawatakosekana.

Nchi nyingine za Afrika zimeweza. Tarehe 27 Aprili 1994 Afrika Kusini ilipoondoka kwenye ubaguzi, wananchi wake walioko nje hawakusahauliwa. Senegali imewatengea raia wake wa ng'ambo viti 15 bungeni. Msumbiji nayo ina wabunge wanaochaguliwa na walioko nje. Je, nchi hizo ni tajiri kutuzidi?

Sisi tuliokulia katika mapambano hatuna haki ya kusahau. Mwaka 1988 tulipangwa milolongo nyuma ya picha za wagombea, na safu fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Makanisa yalikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri kwamba utawala wa chama kimoja ungeanguka, wakubwa walimshutumu. Kufikia Desemba 1991 Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa. Wakati huo wote wenzetu walioko uhamishoni walipaza sauti ambazo hapa nyumbani zingetiwa pingu. Kisha tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi, nao wakabaki kusikiliza matokeo redioni. Deni hilo halijalipwa.

Nanyi waumini, mkumbukeni Mtume Paulo. Alizaliwa Tarso, mbali na Roma, lakini askari walipomfunga kamba ili wampige mijeledi, aliudai uraia wake, na jemadari akaogopa. Umbali haukuupunguza uraia ule hata chembe.

Kwa hivyo twadai mambo matatu kabla ya Agosti 2027. Tume ya uchaguzi itangaze ratiba ya kuongeza nchi na vituo, yenye tarehe tunazoweza kuwashikia. Nchi zote za Ghuba zilizo na ubalozi wetu ziwekewe vituo, na wafanyakazi wasio na pasipoti mikononi watambuliwe kwa alama za vidole zilizomo katika kumbukumbu za Serikali. Na Bunge liseme waziwazi ni lini walioko nje watawachagua wabunge pia.

Kila mshirika mwenye ndugu ng'ambo amwandikie mbunge wake barua kabla ya mwezi kwisha. Kila mchungaji alitaje jambo hili mimbarini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi tumengoja tangu mwaka 2010. Anayepokea mchango wa raia na aipokee kura yake.