Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Mwaka huu sitaandika juu ya nidhamu wala madhara ya dawa za kulevya. Wenzangu wameyashughulikia hayo vilivyo. Mimi nataka kuzungumza juu ya gari. Tena si gari lolote, bali zile Subaru Impreza za zamani ambazo ikipita moja hapo langoni, darasa zima hugeuza shingo hata mwalimu akiwa ubaoni.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, hapa Meru. Mjomba wangu ni fundi wa magari, na likizo zangu nyingi huishia katika gereji yake, nikimshikia tochi na kuosha nati kwa mafuta ya taa. Kwa hivyo ninayoyasema sikuyasoma vitabuni peke yake. Msimamo wangu ni huu: mtu akitaka kuliongezea gari la zamani nguvu, aanze na breki. Na akianza na breki, ajue ni nini hasa anachokifanya.

Huenda ukauliza, mbona tujisumbue na gari kuukuu? Sababu ni kwamba gari hizi hazitapatikana tena kwa urahisi. Impreza ya kwanza ilianza kutengenezwa mwaka wa 1992. Colin McRae aliitumia aina hiyo kushinda Safari Rally mwaka wa 1997, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka wa 2000. Sheria yetu hairuhusu magari yaliyotumika yaingizwe nchini yakishapita umri wa miaka minane. Basi zile za miaka ya tisini zilizoko Kenya ndizo hizo hizo. Ikigonga ukuta moja, imepungua moja. Ndiyo maana wenye nazo siku hizi wanazitunza kama vyombo vya harusi.

Sasa nisikilize kisa hiki. Likizo ya Desemba alikuja mteja mmoja na Impreza nyeupe yenye turbo, safi kabisa. Alitaka egzosti kubwa inayonguruma, turbo iongezwe presha, na kalipa za breki zipakwe rangi nyekundu. Nilifurahi mno. Nilikuwa tayari kukimbia dukani kununua hiyo rangi! Mjomba akamuuliza tu, "Breki zenyewe ziko vipi?" Yule bwana akacheka, akasema ziko sawa, ila siku hiyo akitoka Chuka na kuteremka Nithi pedali ilizama kidogo, akaipiga piga mara tatu ikarudi.

Mjomba hakucheka. Mtu wa huku akitajiwa Nithi hacheki. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto huo pale darajani, na watu zaidi ya thelathini wakafa. Hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali pale. Barabara inateremka kwa mteremko mkali, inapinda, halafu daraja ndilo hilo. Hapo ndipo breki huulizwa maswali yote kwa wakati mmoja.

Gurudumu lilipotolewa tuliona wenyewe. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa ya jana. Mipira ya kupitishia mafuta ilikuwa na nyufa. Pedi zilikuwa zimelika zikabaki unene wa biskuti. Mjomba akamwambia, "Baba, injini yako sitaigusa mpaka nimalize hapa." Yule bwana akakasirika, akawasha gari akaondoka. Nakiri kwamba hata mimi nilimlaumu mjomba moyoni kwa kufukuza mteja.

Jioni akanieleza, nami nikaja kuyakuta yale yale katika somo la Fizikia. Gari likikimbia kilomita 60 kwa saa lina kiasi fulani cha nishati. Likikimbia 120, nishati hiyo haiwi mara mbili bali mara nne. Unapokanyaga breki, nishati hiyo yote hugeuka kuwa joto katika diski na pedi. Ukikanyaga mara moja barabara ikiwa tambarare, joto hupoa. Lakini ukiteremka huku umekanyaga mfululizo, joto hujikusanya hadi pedi zikaanza kuteleza. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za selisiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Mguu unazama hadi sakafuni, gari linaendelea na safari yake.

Hapa ndipo vijana wengi tunapokosea. Tunadhani diski kubwa zitasimamisha gari papo hapo. La hasha! Kinacholisimamisha gari barabarani ni tairi. Ikiwa breki zako za kawaida zina nguvu ya kufunga magurudumu, kubwa zaidi hazitakusaidia katika kusimama mara ya kwanza. Faida yake ni mara ya kumi, kwa sababu chuma kingi hubeba joto jingi. Isitoshe, ukiweka kalipa kubwa mbele bila kufikiria silinda kuu na breki za nyuma, pedali inaweza kuwa ndefu na mizani ya gari ikaharibika. Diski kubwa pia haziingii ndani ya rimu ndogo. Na ile rangi nyekundu? Haijawahi kusimamisha hata baiskeli.

Kwa hivyo mpangilio wa mjomba ndio ninaouunga mkono. Kwanza mafuta mapya, ya DOT 4, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Pili mipira mipya, ikiwezekana ile iliyovikwa waya. Tatu pedi nzuri kutoka kwa muuzaji unayemjua, maana spea bandia zimejaa. Nne diski zipimwe unene, na tairi ziangaliwe. Baada ya hayo yote, ukiona bado joto linakushinda, ndipo ufikirie diski kubwa.

Wapo watakaonipinga. Watasema gari la kumbukumbu halifai kuguswa, kwamba thamani yake ni kubaki lilivyotoka kiwandani. Hoja hiyo nzito, siidharau. Lakini dawa yake ni rahisi. Usikate chuma wala kuchomelea kitu. Weka kile kinachofungwa kwa bolti zile zile, na ulivyovitoa uvisafishe, uvipake grisi, uvitie katika sanduku lenye jina. Atakayelitaka gari kama lilivyozaliwa atavirudisha kwa siku moja. Lakini gari lililoanguka darajani halirudishwi na sanduku lolote, seuze dereva wake.

Yule bwana alirudi baada ya siku tatu. Hakueleza kilichomrudisha, nasi hatukumwuliza. Mjomba alifanya breki kwa siku mbili, na bei yote haikufikia nusu ya ile egzosti. Walipokwenda kulijaribu nilikaa kiti cha nyuma. Mjomba alikanyaga, gari likasimama wima bila kuyumba, mkanda ukanibana kifua. Yule bwana akanyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naendesha jeneza."

Wenzangu, wengi wetu tunaota kumiliki magari hayo siku moja. Tusiwe watu wa kusifu mngurumo tu. Rafiki yako akikuonyesha gari lake, kabla ya kumuuliza linakwenda ngapi, muulize alibadilisha mafuta ya breki lini. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sisi wa Meru ukingo wetu tunaujua kwa jina.